Barua ya wazi: Uwanda wetu wa maua si ardhi tupu

Kwa viongozi wenye dhamana ya ardhi, kilimo na maliasili, kuanzia wizarani hadi halmashauri za wilaya na serikali za vijiji vya Nyanda za Juu Kusini.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Mbeya. Nilizaliwa na kukulia shambani, tarafa ya Matamba, wilayani Makete, kwenye bega la uwanda wa Kitulo. Mwezi wa pili nilipanda kwenda kumsalimia mama. Asubuhi ya pili nikafuata njia tuliyokuwa tukipita utotoni kwenda kuchunga, na kilima kilichoko nyuma ya shamba letu nilikikuta kimepandwa paina kutoka chini hadi juu. Miche ilikuwa inanifika magotini. Katikati ya mistari, pembeni ya shimo la mche, nikaona okidi moja ya zambarau imetokeza, fupi kuliko kidole changu. Nikamwuliza kijana aliyekuwa anapalilia kama analijua lile ua.

"Shangazi, hayo ni majani tu," akanijibu. "Hapa palikuwa patupu."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anarudia alichoambiwa. Lakini neno hilo nimelisikia sana miaka hii, kwenye mikutano, kwenye makaratasi, midomoni mwa madalali wa ardhi: ardhi tupu, pori tupu, ardhi isiyotumika. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Naomba niwaeleze kilima hicho kilikuwaje, maana wengi wenu mmepita huku kikazi wakati wa kiangazi, barabara inapopitika vizuri. Mwezi wa saba na wa nane nyasi zimeungua kwa sakitu, upepo unakata masikio, na ukitazama uwanda wote ni rangi ya kahawia. Kisha unakuja moto wa kiangazi, na vilima vinabaki vyeusi. Mtu akisimama hapo akasema hapana kitu, simlaumu. Kila kitu kiko chini. Kuna vitunguu, viazi na mizizi minene imelala kwenye udongo, inasubiri.

Mvua za kwanza zinaanza mwezi wa kumi na moja. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu siku. Ya kwanza kutoka ni maua mafupi yanayochomoza kwenye majivu hata kabla ya majani yake, meupe na ya manjano, yamekaa chini kabisa kama vifungo vilivyodondoka. Baada ya wiki mbili tatu majani mabichi yanafunika weusi wote. Kufika mwezi wa kwanza huoni udongo. Kuna okidi za kila namna, nyingine za waridi, nyingine za machungwa, nyingine za kijani zilizojificha kiasi kwamba unazikanyaga kabla hujaziona. Kuna gladiola za porini na lobelia, na maua makavu yanayokwaruza mkononi kama karatasi, ambayo dada yangu aliyachoma ukutani na yakakaa na rangi yake hadi mwaka mwingine. Kwenye mabonde yenye maji yalisimama maua marefu mekundu yanayogeuka machungwa kuelekea chini. Sisi tuliyaita mienge. Ndege chozi wa kijani mwenye mkia mrefu alikuwa anatua kwenye shina lake, anazamisha mdomo kwenye kila kiua, na alipoondoka tulikuja sisi kunyonya utamu uliobaki.

Mwenge unafunguka kuanzia chini kwenda juu, na kunyauka vivyo hivyo. Baba hakuwa na kalenda ukutani. Mienge ya bondeni ilipofika nusu, ya chini imekauka na ya juu bado nyekundu, aliteremsha mbegu ya ngano kutoka darini. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alikuwa anasoma mvua na joto la mwaka ule kupitia ua, kwa sababu ua haliangalii tarehe. Wazee wengi walifanya hivyo. Leo nikiwauliza vijana wa kijijini wanapanda kwa dalili gani, wananionyesha simu.

Wataalamu wa mimea wanapaita Kitulo Serengeti ya Maua. Wenyeji tunapaita Bustani ya Mungu. Zaidi ya aina 350 za mimea zimeorodheshwa pale, na kati yake okidi za ardhini peke yake ni aina 45 hivi. Ipo okidi ya milima yetu ambayo jina lake la kisayansi limebeba jina la Ukinga, nchi ya Wakinga: Pterygodium ukingense. Mwaka 2005 sehemu ya uwanda, kilomita za mraba 413 hivi, ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Nawashukuru kwa moyo wote waliolifanya hilo. Sijaandika barua hii kulalamikia hifadhi.

Naandika kwa ajili ya maua yaliyobaki nje ya mpaka. Ua halijui bikoni. Vilima vya vijiji, kingo za mashamba, mabonde ya maji na malisho yetu ya pamoja vilikuwa uwanda ule ule, na sisi watoto wa wakulima hatukukulia ndani ya hifadhi. Tulikulia huko nje.

Sasa niseme habari ya pareto, kwa sababu bila pareto hamtaelewa kilichotokea kwa okidi.

Shamba letu lilikuwa ekari nne: ngano kidogo, viazi, na ekari moja na nusu ya pareto. Pareto nayo ni ua, jeupe lenye kitovu cha manjano, linalotengenezewa dawa ya kuua wadudu, na lilitulea. Kila baada ya wiki mbili, msimu ukishika, tuliamshwa alfajiri kwenda kuchuma. Unapitisha shina kati ya vidole, unavuta juu, kichwa kinakatika na kubaki kiganjani. Unaangalia kitovu: viua vidogo vya katikati viwe vimefunguka karibu robo tatu. Likichumwa changa halina nguvu, na likizeeka nguvu inapungua. Mama alikuwa anapita nyuma yetu akikagua vikapu, na aliyechanganya machanga alirudishwa kwenye mstari. Tukishachuma tunayaanika kwenye mikeka, tunayageuza, na mawingu yakifunga tunakimbia nayo ndani. Kilo nne mbichi zinakuja kuwa kama kilo moja kavu. Vidole vilinuka pareto hadi darasani, na macho yaliwasha ukiyafikicha kwa kusahau. Unga wake mama alinyunyiza kwenye viota vya kuku, na utitiri ukakoma.

Ada, sare, chumvi, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye ua hilo. Kisha ikaja miaka ambayo tulipeleka magunia na pesa hazikurudi. Tuliambiwa subirini. Tukasubiri msimu mzima, halafu mwingine, na bei yenyewe ilipotangazwa ilikuwa imeshuka hadi watu wakang'oa pareto wakapanda viazi. Nilimwona baba amekaa kwenye kigogo mlangoni na karatasi ya madai mkononi, akiikunja na kuikunjua. Sitataja ni nani aliyekuwa ananunua. Nataka tu mjue mpangilio wa mambo: kwanza ua la shambani lilikufa mfukoni mwa mkulima, ndipo ua la porini likaanza kuchimbwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kuja watu wenye magunia wakiuliza chikanda, yaani viazi vya okidi za porini. Sisi tulizijua hizo okidi kwa macho, na wazee wachache walizijua kwa dawa, lakini hatukujua kwamba viazi vyake vina soko. Zambia wanavipenda sana. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vinapikwa hadi vigande, na vinakatwa vipande kama soseji. Ni chakula cha heshima kwao, cha harusini na cha sokoni, na sina neno baya kwa anayekila. Mahitaji yalizidi okidi zao, wakaja kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipokwenda kuchimba mara ya kwanza, na kopo la maziwa lililokatwa mdomo. Namna yake ni hii. Unapiga magoti, unashika shina karibu na ardhi kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unazamisha kijiti pembeni, unainua. Udongo wa kule ni mweusi na mwepesi, unakubali. Chini ya shina kuna viazi viwili, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Kimoja kimesinyaa, laini, kwa sababu kimekwisha kulilisha ua lililoko juu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, kinang'aa ukikifuta, nacho ndicho kitakachotoa ua la mwaka ujao. Mnunuzi hakihitaji kile cha kwanza. Anataka kigumu. Kwa hiyo mtoto ananyofoa kigumu, anakitia kopoani, na kile kilichosinyaa anakitupa.

Jioni bibi aliliona kopo langu. Hakunigombeza. Alichukua kiazi kimoja, akakigeuza chini ya mwanga wa koroboi, akanionyesha kichwani mwake kichipukizi kidogo chenye ncha, cheupe. "Huyu alikuwa njiani," akasema. Kisha akakirudisha kopoani, kwa sababu alijua kama nilivyojua mimi kwamba kesho yake kopo lile lingekuwa madaftari na kandambili. Niliyavaa. Niliyaandikia. Mimi mwalimu ninayewaandikia leo, sehemu ya elimu yangu ilichimbwa kwenye kilima kile, na sijawahi kulisema hili hadharani.

Ndani ya misimu michache tulikuwa tunatembea saa nzima kujaza kopo lililokuwa linajaa nyuma ya nyumba. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifuatilia biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini walikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kutoka Tanzania vinaliwa Zambia kila mwaka, na kwamba hadi aina 85 za okidi ziko hatarini. Na okidi si mche unaootesha kwenye kitalu kama kabichi. Mbegu yake ni vumbi, ukiipuliza inapotea. Haina akiba ya chakula ndani yake. Lazima iangukie mahali penye kuvu wa ardhini anayefaa, huyo ndiye anayeilisha hadi iweze kujitegemea, na baada ya hapo inapita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Udongo ukipinduliwa kwa jembe au ukifunikwa na miiba ya paina, makazi hayo yamevunjika.

Hifadhi ilipowekewa askari, waliokuwa wanachimba huko juu hawakuacha kazi. Walishuka kwenye vilima vya vijiji. Na wanaokamatwa, siku chache wanapokamatwa, ni akina mama na watoto wenye ndoo. Mwenye lori hajawahi kupiga magoti kwenye udongo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma kuuliza kama kuna mpango wowote wa kuyalinda maua yaliyo kwenye ardhi ya vijiji. Afisa alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniambia kwamba bajeti yao ni ya mazao ya chakula na biashara, na maua, mwalimu, hayaliwi. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nalikumbuka kopo.

Waheshimiwa, nilikuwapo pia siku kijiji kimoja cha jirani kilipochorewa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ni jambo jema sana, na sheria ya mwaka 2007 inalitaka. Ramani ilitandikwa kwenye meza za darasani. Makazi yakapata rangi yake, mashamba yakapata yake, msitu wa kijiji, shule, makaburi. Ukabaki uwanda mkubwa wa nyasi upande wa juu. Ukaandikwa "ardhi ya akiba". Mzee mmoja akasimama, akasema pale tunachunga, pale tunakata nyasi za kuezekea, mizinga yetu inategemea pale, na maji ya bomba la kijiji yanaanzia pale. Alijibiwa kwa adabu kwamba akiba maana yake ni mpaka itakapopatikana shughuli. Shughuli ilipatikana haraka. Mtu wa mbali alikuja na maombi ya kupanda miti, mkutano ukaitwa, posho ya kikao ikatolewa, na leo uwanda ule ni paina.

Siichukii paina. Kaka yangu ana ekari mbili za paina na zimemsomesha binti yake chuo. Milingoti na miwati vimetuokoa na kukata misitu ya asili kwa ajili ya kuni. Kinachoniuma ni mahali inapopandwa. Yapo mashamba mengi yaliyochoka, yaliyolimwa viazi mfululizo hadi hayatoi tena, yenye makorongo. Huko mti ungekuwa tiba. Lakini shamba lililochoka lina mwenyewe na lina bei, na uwanda wa nyasi ambao haujawahi kuguswa na jembe unaitwa mtupu, kwa hiyo mti unakwenda huko. Paina ikifunga kivuli, ndani ya miaka michache hakuna nyasi chini yake, hakuna ua, hakuna nyuki. Ukiuvuna msitu huo, uwanda haurudi.

Na tusifikiri hasara ni ya kutazama tu. Vijito vinavyotoka Kitulo na safu ya Kipengere vinateremka kwenye bonde la Usangu, vinamwagilia mpunga wa Mbarali, vinaingia mto Ruaha Mkuu, unaojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mitambo hiyo miwili ina uwezo wa megawati 80 na 204. Bonde la mienge tulilochezea utotoni lilikuwa sifongo. Mwezi wa tisa ukikanyaga pembeni yake maji yalikuwa yanatokeza kati ya vidole vya miguu. Sasa limekatwa mifereji kwa ajili ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, na mwaka jana mama alinunua maji kwa dumu mwezi wa kumi, jambo ambalo halijawahi kutokea maishani mwake.

Ninachowaomba hakihitaji mkopo wa nje.

Wapimaji na maafisa mipango watakapokuja tena vijijini, uwanda wa nyasi za asili upate jina lake na rangi yake kwenye ramani. Wauite mbuga ya maua, wauite malisho na chanzo cha maji, wauite watakavyokubaliana na wenye kijiji, ilimradi usiandikwe akiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Wenyewe tunaweza kuitunza kwa sheria ndogo, kama tunavyoweka siku za kuchunga na siku za kupumzisha. Tunahitaji tu kuungwa mkono siku anapokuja mwenye fedha.

Mita 60 za kingo za mito na vyanzo vya maji, zilizotajwa kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ziwekwe alama ardhini. Kwa sasa zipo kwenye karatasi. Mkulima haoni mita 60, anaona udongo mweusi wenye unyevu. Pigeni kamba, wekeni mawe, pandisheni kibao. Na anayeacha kinyungu chake kwa ajili hiyo apewe msaada wa kweli wa mbegu bora ya viazi, maana wengi wanalima bondeni kwa sababu mbegu waliyo nayo juu imechoka, na viazi wanavyovuna wanauza kwa lumbesa ambalo mnunuzi analijaza hadi linapasuka kwa bei ya gunia moja. Mkilidhibiti lumbesa barabarani mtakuwa mmeokoa mabonde bila kumgusa mtu.

Kuhusu chikanda, nawaomba muwaache akina mama na mumtafute mwenye mzigo. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na shehena haivuki mpaka kihalali bila kibali. Magunia hayo yanapita barabara chache zinazojulikana hadi Tunduma, mpakani. Kaeni na wenzetu wa Zambia, maana nao wameshazimaliza zao katika maeneo mengi na wanajua uchungu huu. Wapo wanasayansi wanaojaribu kuziotesha okidi maabara. Kazi hiyo ifanyike hapa, kwenye vyuo na vituo vyetu vya utafiti, na siku ikifanikiwa wa kwanza kupewa miche wawe waliokuwa wanachimba.

Na pareto, waheshimiwa. Pareto inarudi. Dunia inatafuta dawa za wadudu zinazotokana na mimea, na milima hii ni miongoni mwa sehemu chache zinazoilea vizuri, kwa sababu inahitaji baridi ili itoe maua. Simamieni jambo moja tu: mkulima akipima leo, alipwe kabla maua ya mchumo unaofuata hayajakauka. Mtoto ambaye baba yake amelipwa pareto hana sababu ya kupiga magoti na kopo. Nalisema hili nikiwa na ushahidi wa magoti yangu mwenyewe.

Nina ombi jingine, dogo, la kimwalimu. Watoto wangu wa darasa la tano wanajua tembo na simba kutoka vitabuni, na wengi wao hawajawahi kupelekwa Kitulo, ingawa wengine wanauona ukingo wa milima hiyo wakiwa uwanjani asubuhi. Wafungulieni mlango mwezi wa kwanza na wa pili, kwa basi la shule na chakula cha kubeba. Waone mbayuwayu wa buluu, anayekuja kuzaa kwenye nyanda hizi wakati wa mvua na kuondoka baada yake kuelekea upande wa Ziwa Viktoria. Waone tandawala, yule ndege mkubwa, akitembea kwenye nyasi kama mzee anayekagua shamba. Mtoto aliyekaa chini akahesabu aina za maua kwenye hatua mbili za nyasi hawezi tena kuambiwa kwamba mahali hapo ni patupu.

Njooni na nyinyi. Msije mwezi wa nane. Njooni mwezi wa pili, mpande kwa njia ya Chimala, ile ya kona hamsini na saba, na mvae viatu visivyoogopa matope na koti zito, maana ukungu hautoi taarifa. Mkifika Matamba ulizeni njia ya kwenda juu, kila mtu ataijua. Mkipenda mtapita kwa mama.

Shamba lake amelipunguza sasa, nguvu zimekwisha, lakini kati ya viazi na njia ameacha ukingo wa hatua tatu usiolimwa tangu baba alipofariki. Pawatila ikija kulima anasimama hapo mwenyewe na fimbo yake, dereva azunguke. Msimu huu alikuja mtu na ndoo kuomba kuchimba, akaahidi kulipa vizuri. Mama alimpa chai, akampa viazi vya kuchemsha vya njiani, akamwambia pale hapachimbwi. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka minane, alikuwepo. Mgeni alipoondoka waliingia wawili kwenye ukingo, bibi na mjukuu, wakahesabu okidi zilizofunguka, na kando ya kila moja mtoto akachomeka kijiti ili mwakani wajue pa kutazama. Nilivihesabu kabla ya kurudi Mbeya. Vilikuwa kumi na saba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, Mbeya,
mtoto wa wakulima wa pareto, Matamba